Sura ya Nne: Barafu Chini ya Makaa ya Mawe

Anayetafuta visukuku atapoteza muda wake Issenye, mkoani Mara. Mawe yenyewe hayakosi. Kuanzia Mugumu kushuka kuelekea mto Grumeti yamejitokeza mashambani na malishoni, na watu huyatumia kujengea misingi ya nyumba. Lakini pasua mia, pasua elfu: hutakuta jani lililoacha alama yake, hutakuta konokono wala jino la samaki. Wenyeji hawakosi macho, na wanajiolojia waliopita hapo hawakukosa nyundo. Mawe ya huko ni ya zamani mno.

Kaskazini yake, Tarime, ndiko yaliko machimbo ya dhahabu ya Nyamongo. Dhahabu hiyo imo katika miamba iliyotokana na volkano za miaka bilioni 2.7 hivi iliyopita, enzi ambayo uhai wote duniani ulikuwa vijidudu tu. Hapakuwa na mfupa, ganda wala mzizi wa kuacha alama. Upande wa Serengeti kuna mawe mengine yanayoitwa Kundi la Ikorongo, na haya ndiyo yanayomhadaa mtafutaji. Ni mashapo halisi: mchanga, tope na kokoto zilizotandazwa na maji, zikashindiliwa zikawa mwamba wenye matabaka. Kwa sura yanafanana kabisa na mawe ambayo kwingineko yamejaa samaki na majani. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Charles Kasanzu, Makenya Maboko na Shukrani Manya, walichapisha uchunguzi wa kemia ya mawe hayo ili kujua udongo wake ulimomonyoka kutoka wapi. Swali lao lilikuwa sahihi kwa mawe ya aina hiyo, kwa sababu Ikorongo ilitandazwa kabla wanyama wenye maganda na mifupa hawajaenea duniani.

Baada ya hapo, kimya. Visukuku maarufu vilivyo jirani na Mara ni vya juzi kwa hesabu za jiolojia. Olduvai inarudi nyuma miaka milioni mbili hivi. Karungu, ng'ambo ya mpaka kwenye pwani ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, inafika kama milioni 17 au 18. Kati ya Ikorongo na Karungu pana pengo la zaidi ya miaka milioni mia tano, na katikati ya pengo hilo ndimo kilimozama kipindi ambacho sura hii inakifuata: Kaboniferasi, kilichoanza miaka milioni 359 iliyopita na kumalizika milioni 299 iliyopita.

Jina hilo, lenye maana ya kuzaa makaa, lilitolewa mwaka 1822 na Waingereza wawili, William Conybeare na William Phillips, waliokuwa wakipanga mawe ya Uingereza na Wales. Makaa ya mawe yaliyoendesha viwanda vya Manchester na meli za mvuke zilizotia nanga Zanzibar yalitokana na misitu ya kinamasi ya kipindi hicho. Wakati huo Ulaya na Amerika ya Kaskazini zilikuwa karibu na ikweta. Miti yake haikuwa na maua wala matunda. Mingine, kama Lepidodendron, ilipita mita 30 kwenda juu, gome lake likiwa na makovu ya majani yaliyopangwa kama magamba. Chini yake alitambaa Arthropleura, jamaa wa jongoo, mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili. Huko Commentry, Ufaransa, wachimba makaa walifukua kereng'ende ambaye mabawa yake yakikunjuliwa yanafika karibu sentimita 70.

Sehemu mbili za kipindi hicho zinastahili kutajwa kwa majina, kwa sababu ndizo zilizojenga picha ambayo kila mwanafunzi wa jiolojia huibeba kichwani. Ya kwanza ni magenge ya Joggins, Nova Scotia, nchini Kanada. Mwaka 1852 Charles Lyell na William Dawson walikuta humo mashina ya miti yaliyofukiwa yakiwa bado yamesimama wima, na ndani ya mashina hayo mlikuwa na mifupa. Kiumbe mmoja aliyetoka katika visiki vya Joggins, Hylonomus lyelli, alikuwa na umbo la mjusi mdogo, na hadi leo anahesabiwa miongoni mwa watambaazi wa zamani kabisa wanaofahamika. UNESCO iliyaingiza magenge hayo katika Urithi wa Dunia mwaka 2008.

Ya pili ni Mazon Creek, jimbo la Illinois, Marekani. Hapo visukuku vimefungiwa ndani ya vidonge vya mawe yenye chuma, na watafutaji huviloweka na kuvigandisha mpaka vipasuke vyenyewe. Katika miaka ya 1950 mtafutaji wa kujifurahisha, Francis Tully, aliokota kiumbe ambaye hakuna mtaalamu aliyeweza kusema ni nani: mwili laini, macho juu ya kijiti kilichokingama, na mbele pua ndefu yenye taya kwenye ncha. Mwaka 1966 Eugene Richardson wa Field Museum ya Chicago alimpa jina Tullimonstrum. Mwaka 2016 makundi mawili ya watafiti yalitangaza kwamba ni mnyama mwenye uti wa mgongo. Mwaka 2023 watafiti wa Japani walikataa. Ugomvi unaendelea.

Afrika Mashariki imo katika kisa hiki, ingawa kwa mlango wa utani. Katika miaka hiyo ya 1960 Richardson alianza kupokea barua kutoka Kenya zikimweleza habari za minyoo hai wa Turkana wanaofanana na mnyama wake, minyoo wanaocheza ngoma. Barua zilikuwa na maelezo ya kina na ya kuvutia, na zote zilikuwa uongo mtupu. Aliyezipika alikuwa Bryan Patterson wa Chuo Kikuu cha Harvard, mtaalamu mzito ambaye mwaka 1965 timu yake ilipata kipande cha mfupa wa mkono huko Kanapoi, mfupa ambao miaka 30 baadaye uliwekwa katika spishi ya Australopithecus anamensis. Kwamba mtu wa kazi nzito kiasi hicho alipata nafasi ya kutunga minyoo ya kucheza ngoma kunaonyesha jinsi jioni zinavyokuwa ndefu katika kambi za Turkana.

Utani ukiwekwa kando, picha ya Joggins na Mazon Creek inampotosha msomaji wa Afrika. Anayekwenda kuitafuta Kaboniferasi ya Tanzania akiwa na misitu ya kinamasi na kereng'ende akilini atarudi mikono mitupu, kama atakavyorudi kutoka Issenye. Kipindi hichohicho kilichokuwa cha joto na unyevu kwa Ulaya, huku kilikuwa cha baridi kali. Tanzania ilikuwa sehemu ya bara kubwa la Gondwana, lililounganisha Afrika, Amerika ya Kusini, India, Australia, Arabuni na Antaktika, na Tanzania pamoja nalo ilikuwa mbali kusini kuliko ilivyo leo. Sehemu kubwa yake ilifunikwa na barafu.

Lakini kwa nini basi Mara haikubakiwa hata na jiwe moja la barafu hiyo? Jibu limo katika kinachokaa chini ya Issenye. Eneo lote kuanzia Dodoma hadi Ziwa Victoria limekalia kiini kigumu cha bara, kinachoitwa kratoni ya Tanzania. Ni ardhi nzito na nene ambayo kwa mamilioni ya miaka haikukubali kudidimia. Mashapo hayajengeki juu ya ardhi iliyosimama. Yakiwekwa leo na mto au barafu, kesho mvua inayakokota kuyapeleka bondeni. Ili mchanga uwe mwamba lazima ardhi izame, mchanga mwingine uje juu yake, uzito uongezeke, na hali hiyo iendelee kwa muda mrefu. Nguvu iliyoifanya Mara itunze dhahabu yake ndiyo iliyoikosesha visukuku.

Ushahidi wa hoja hii uko ng'ambo ya ziwa hilohilo. Karibu na Entebbe, Uganda, kuna vipande vidogo vya tabaka la tope gumu lenye alama za majani ya Glossopteris, mmea wa kipindi kilichofuata baada ya barafu. Ni masalia madogo sana, lakini yapo juu ya ardhi ya zamani inayofanana na ya Mara. Yalinusurika kwa sababu moja: vipande hivyo vya ardhi vilikatika na kudidimia katikati ya nyufa, vikafichika mmomonyoko ulipopita. Issenye haikupata ufa wa namna hiyo.

Ardhi iliyozama kweli iko kusini. Mto Ruhuhu unatoka katika nyanda za juu, unapita kati ya wilaya ya Ludewa na mkoa wa Ruvuma, kisha unaingia Ziwa Nyasa karibu na Manda. Bonde lake si la mto tu. Ni shimo la kale lililodidimia taratibu huku likijazwa mchanga na tope kwa makumi ya mamilioni ya miaka. Mwanajiolojia wa serikali ya Tanganyika, G. M. Stockley, ndiye aliyeyapanga mawe yake kwa utaratibu, na mwaka 1932 akachapisha maelezo ya maeneo ya makaa ya Ruhuhu. Aliyapa matabaka alama kuanzia K1, chini kabisa, hadi K8, juu kabisa.

Umaarufu ulikwenda kwa matabaka ya juu, na si ajabu, kwa sababu ndiko iliko mifupa. Mwaka 1933 Rex Parrington wa Cambridge alikusanya huko mabaki ya wanyama wa kale, na baadhi yake yalikaa kwenye droo za Uingereza kwa zaidi ya miaka 80 kabla ya kutambuliwa rasmi mwaka 2017 kuwa Teleocrater, jamaa wa mbali wa dinosaria. Hao ni wa kipindi cha Triasi. Chini zaidi katika mfululizo, K2, kuna makaa ya mawe ya Mchuchuma. Hapa ndipo wengi hukosea, wakidhani kwamba makaa yote ya dunia ni ya Kaboniferasi kwa kuwa jina linasema hivyo. Makaa ya Mchuchuma, ya Ngaka wilayani Mbinga na ya Kiwira upande wa kusini wa Mbeya ni ya Permi, kipindi kilichofuata. Mwenge wa Kaboniferasi umeshikwa na K1 peke yake, tabaka lisilo na makaa ya kuuza wala mifupa ya kupeleka makumbusho, na kwa miaka mingi wengi walilipita haraka wakiwahi yaliyo juu.

Leo tabaka hilo linaitwa Muundo wa Idusi. Mwaka 1986 Heinz Wopfner na Thomas Kreuser walichapisha ushahidi kwamba ni kazi ya barafu, na mwaka 1996 Wopfner na Bernd Diekmann wakalieleza kwa kirefu zaidi. Kulitambua jiwe la barafu kunahitaji jicho lililozoea, lakini kanuni zake si ngumu. Mto hupanga mizigo yake: mawe makubwa huachwa kwanza, mchanga hufuata, tope husafiri mbali. Barafu haichagui. Inabeba jiwe la ukubwa wa gari pamoja na vumbi laini kama unga, na ikiyeyuka inavitua vyote mahali pamoja. Kwa hiyo mwamba wenye mawe makubwa na madogo yaliyotapakaa ovyo ndani ya tope gumu humfanya mwanajiolojia asimame. Akiyakuta baadhi ya mawe hayo yana upande uliosuguliwa bapa na mikwaruzo iliyonyooka, shaka inapungua.

Dalili inayosadikisha kuliko zote ni ya tatu. Juu ya mchanganyiko huo wa Idusi kuna tope lililojipanga kwa kurasa nyembamba sana, kazi ya maji yaliyotulia. Katikati ya kurasa hizo mnakutwa jiwe moja pekee, limekaa huko kinyume cha akili. Maji yaliyotulia hayawezi kubeba jiwe. Ukitazama kwa karibu, kurasa za chini yake zimebonyea, na za juu yake zimepinda kulizunguka. Lilidondoka kutoka juu. Kipande cha barafu kilikuwa kikielea ziwani, kimebeba jiwe tumboni, kikayeyuka na kuliachia. Sehemu ambayo leo ni miombo na mashamba ya mahindi ilikuwa na maziwa yenye vipande vya barafu vikielea, na mawe yake yanaonyesha mahali kila kipande kilipotua mzigo.

Na visukuku? Vipo, lakini si vya kuokota. Mtafiti huchukua kipande cha tope jeusi, hukisaga, kisha hukiyeyusha kwa tindikali kali, ikiwemo ile ya haidrofloriki inayokula hata kioo. Mwamba wote huisha. Kinachobaki chini ya chupa ni vumbi la kahawia, na chini ya hadubini vumbi hilo linageuka kuwa chavua na spora. Ukuta wa chembe ya chavua umetengenezwa kwa kitu kigumu ajabu ambacho tindikali haikimudu, na miaka milioni 300 haikukimaliza. Nyingi za chembe za enzi hiyo katika nchi za Gondwana zina mfuko mmoja wa hewa uliozunguka kiini chake. Ni mimea iliyosimama kando ya barafu, ikirusha chavua kwenye upepo wa baridi. Hakuna mtu aliyewahi kuona msitu mzima wa enzi hiyo Ruhuhu, ila vumbi lake limehesabiwa.

Vumbi hilo ndilo linalotoa umri. Aina za chavua hubadilika kadiri wakati unavyokwenda, na zikilinganishwa na za nchi nyingine huonyesha Idusi inakaa wapi: mpakani mwa Kaboniferasi na Permi, wengine wakiisogeza zaidi upande wa Permi. Tarehe zenyewe zilipatikana kusini zaidi. Huko Ganigobis, Namibia, ndani ya mawe ya barafu yanayoitwa Dwyka, kuna tabaka nyembamba za majivu ya volkano. Majivu hubeba chembe za zirkoni, na zirkoni hubeba urani inayogeuka kuwa risasi kwa mwendo usiobadilika. Ya Ganigobis ilisoma karibu miaka milioni 302, yaani mwishoni mwa Kaboniferasi. Katika mawe hayohayo kuna mabaki ya samaki na sifongo, viumbe wa bahari iliyoingia barafu ilipokuwa ikirudi nyuma.

Barafu hiyo haikujua mipaka. Makaa ya Lukuga karibu na Kalemie, mashariki mwa Kongo, nayo yamekalia mawe ya barafu. Edaga Arbi, Tigray, ina mawe yaliyokwaruzwa vilevile. Nchini Kenya, msafiri wa treni ya Nairobi kwenda Mombasa hupita juu ya mchanga mgumu wa Taru, tabaka la chini kabisa katika mfululizo wa mawe ya Duruma, ambao mwanzo wake unahesabiwa kati ya mwisho wa Kaboniferasi na Permi. Hufuata Maji ya Chumvi, Mariakani na Mazeras, kila kituo cha reli kikiwa kimelipa jina tabaka lake, kuanzia la zamani hadi la karibuni zaidi. Ni vigumu kupata reli nyingine inayomfundisha abiria jiolojia kwa mpangilio mzuri kiasi hicho, na abiria wengi hulala usingizi.

Oman imefaidika kuliko wote. Katika eneo la Huqf, Wadi Al Khlata, kuna mwamba uliosuguliwa na barafu hadi ukapata mifereji iliyonyooka, jangwani, chini ya jua ambalo leo halimvumilii mtu mchana. Mashapo ya barafu yanayoitwa Al Khlata yanaendelea chini ya ardhi ya kusini mwa nchi, na mchanga wake una matundu yaliyojaa mafuta. Sehemu ya mafuta mazito ya Marmul hutoka humo. Kwa kuwa barafu huacha mizigo bila mpangilio, wahandisi hupata tabu kujua mchanga wenye mafuta unaendelea upande gani wa kisima, na msaada wao mmojawapo ni chavua. Wataalamu huhesabu chembe zilizotolewa na visima ili kujua wako katika hatua gani ya kuyeyuka kwa barafu. Vumbi la aina moja na lile la Ruhuhu, ambalo kwa Tanzania ni habari ya majarida ya sayansi tu, kwa Oman linaamua wapi kisima kinachofuata kitobolewe.

Kuyeyuka kwenyewe kunaonekana wazi Ruhuhu. Sehemu ya juu ya Idusi si mawe ya barafu tena bali tope jeusi, lenye mabaki mengi ya mimea iliyooza majini pasipo hewa. Joto lilikuwa limeanza kupanda. Juu ya tope hilo inaingia mito yenye mchanga, na juu ya mchanga, makaa ya K2. Mmea uliotawala sasa ni Glossopteris, mti wenye majani ya umbo la ulimi na mshipa mmoja katikati. Jani hilohilo limepatikana India, Australia, Amerika ya Kusini na Antaktika. Kundi la Robert Scott lilikufa huko Antaktika mwaka 1912 likiwa bado linakokota zaidi ya kilo 15 za mawe, baadhi yakiwa na alama zake. Mbegu za mti huo zilikuwa nzito mno kuvushwa na upepo juu ya bahari, na hiyo ilikuwa moja ya hoja za wale waliodai kwamba mabara hayo yaliwahi kushikana.

Makaa hayo ndiyo yanayotoka Ngaka leo. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilizuia uingizaji wa makaa ya mawe kutoka nje, na viwanda vya saruji vikageukia Ruvuma. Bei ilipopanda Ulaya mwaka 2022, malori yakaongezeka kwenye barabara ya Songea kwenda bandari ya Mtwara. Anayenunua shehena hiyo hulipia Permi. Idusi iko chini zaidi, na katika kingo za bonde, pale mito midogo ilipokata mwamba, bado inaonekana kwa anayejua kulitafuta lile jiwe moja lililokaa peke yake ndani ya tope.